Wali wa Nyuma ya Pazia

Nagoya, Japani
5 Oktoba 1997

Dada Rebeka, shikamoo.

Barua yako ya mwezi wa nane imefika na maswali yako nimeyahesabu, ni kumi na moja. Hata wale wanaokagua mizigo pale kivukoni Kigongo hawaulizi hivyo. Nitajibu machache, mgongo hauniruhusu kukaa sana.

Mwambie mayu kwamba mwanawe hali samaki wabichi kwa sababu ya njaa. Hapa samaki mbichi ni chakula cha watu wenye nafasi. Wanachukua tonge dogo la wali uliotiwa siki, juu wanalaza kipande chembamba cha samaki, wanakula kwa mara moja. Hiyo ndiyo sushi. Mayu akikataa kusadiki, mwache akatae.

Mwenye ujuzi wa duka letu ni Mzee Okuda. Alianza kazi ana miaka kumi na minne. Mwaka mzima aliosha vyombo, miaka mitatu akawa anapepea wali tu, na ule wali wenyewe hakuruhusiwa kuufinyanga. Miaka kumi ilipotimia ndipo wakamwachia asimame mbele ya wateja. Ukimuuliza kwa nini muda mrefu hivyo, anakutazama kama umeuliza kwa nini mimba ni miezi tisa.

Wananiita Shige. Wanasema hilo ni jina lao, na hiyo "la" ya mwisho inawashinda. R na L wanazichanganya kama sisi, kwa hiyo hapo nimejisikia nyumbani.

Umeuliza kama sasa mimi ni fundi. Nimekuwekea picha, tazama mwenyewe. Hapa dukani tunatoa vipande elfu moja na mia mbili kwa saa.

Ni mimi mdogo wako,
Shigela Nkwabi


Mkolani, Mwanza
18 Januari 1998

Shigela, marahaba.

Barua yako niliipata juzi. Mvua hizi zimekata njia kila mahali, na sanduku la posta la kanisa lilikaa wiki mbili bila kufunguliwa kwa sababu mwenye ufunguo alikwama ng'ambo ya Busisi. Usiseme nimechelewa.

Nisikilize vizuri. Ulaya wamezuia samaki wetu, wanasema huku kuna kipindupindu. Kiwandani tunaingia siku mbili kwa wiki. Mezani petu pa kuchuna ngozi ya samaki tuko wanawake kumi na wanne, na msimamizi wetu Projest ametangaza watabaki saba. Unamjua Projest kwa maneno yangu ya zamani, yule wa Bukoba anayevaa tai juu ya koti la plastiki. Alikuja na orodha, anatembea nayo kifuani kama shemasi na sadaka.

Nilikuwa na picha yako mfukoni. Nikamwonyesha. Nikasema, "Huyu ni mdogo wangu, fundi wa sushi Japani." Akasimama. Kumbe bosi anatafuta soko Japani, na baada ya Pasaka wanakuja Wajapani wanne kutazama kiwanda. Projest akaniuliza, "Anaweza kuja kuwaandalia chakula chao?" Nikasema anaweza. Ungetaka niseme nini?

Jina langu sasa liko upande wa wanaobaki. Limeandikwa kwa penseli, Shigela, wenzangu wote kwa wino. Projest mwenyewe alinionyesha. Alisema, "Wino utakuja na mdogo wako."

Nauli bosi hatoi. Kama huwezi kuja, andika namna ya kupika hicho kitu, hatua kwa hatua, nitawaambia umenifundisha. Lakini usikae kimya. Kwa mshahara huu mayu anakula, na wanangu wawili wanasoma.

Halafu jambo moja linanisumbua. Umesema mnatoa vipande elfu moja na mia mbili kwa saa. Nimepiga hesabu nikiwa mezani, ni ishirini kila dakika. Mko na mikono mingapi huko?

Dada yako,
Rebeka


Nagoya
10 Februari 1998

Dada, shikamoo. Kaa chini kwanza.

Kofia ile ya kwenye picha si yangu. Kisu si changu. Vyote ni vya Mzee Okuda, nilimwomba nipige picha, akakubali kwa kugeuza uso.

Kazi yangu iko nyuma ya pazia. Kuna mashine, ukubwa wake kama vyerehani viwili vimebebana. Wali unamiminwa juu, ndani kuna magurudumu yanaubana, chini linadondoka tonge, na lingine, na lingine, yote sawa kama risasi. Mimi ninamimina, ninabonyeza, ninaondoa trei. Mama mmoja analaza samaki juu. Sahani zinapandishwa kwenye mkanda unaozunguka mbele ya wateja, kila mtu anachukua inayompitia. Tukifunga ninaifungua ile mashine vipande thelathini na viwili, naviosha kimoja kimoja. Hiyo ndiyo sushi ninayoijua mimi. Mashine ndiyo fundi, mimi ni msaidizi wake.

Mzee Okuda anasimama mbele, karibu na dirisha la barabarani, na beseni lake la mbao. Anafinyanga polepole ili wapita njia wamwone. Wateja wanaamini vyote vinatoka mikononi mwake. Kwa hiyo pazia halifunguliwi kamwe. Mashine haitakiwi ionekane, na mimi pia sitakiwi nionekane, basi tunafichwa pamoja.

Zamani haikuwa hivyo. Duka lilikuwa na watu watano wa kufinyanga. Mkwe wa Mzee Okuda, ambaye ndiye mwenye duka sasa, alikaa wiki nzima na saa mkononi akihesabu vipande vya baba mkwe wake. Mzee alidhani anasifiwa. Akaongeza kasi. Mama wa kulaza samaki anasema hajawahi kumwona na furaha kama wiki ile. Ile hesabu ikapelekwa kwa wauza mashine, na mwezi uliofuata mashine ikaletwa. Wanne wakaondoka. Mzee akaachwa kwa ajili ya dirisha.

Kila siku anaingia nyuma ya pazia, anachukua tonge moja la mashine, anatafuna, anasema, "Halina pumzi." Anasema mkono unajua nani anakula. Bibi asiye na meno unampa dogo, dereva wa lori unampa kubwa, lakini mashine inawapa sawa. Halafu anarudi dirishani kusimamia uongo. Nimechoka kumtazama.

Sikusema kwa sababu mliandika mnajivunia. Sasa nimesema. Mwambie Projest kwamba mdogo wako anaosha mashine.

Shigela


Mkolani
3 Machi 1998

Shigela,

Sitamwambia Projest kitu.

Umekaa na uongo wako miaka mitatu, umeushiba, sasa wiki sita kabla ya wageni unautapika mapajani mwangu na kuniambia nifute. Ungeutoa mwaka jana ningekusikiliza. Mayu ameshasema kanisani. Mchungaji aliombea "kijana wetu fundi". Nikasema amina, na mimi sikuwa nadanganya, wewe ndiye ulikuwa unadanganya kwa mdomo wangu.

Huyo mzee yuko hapo hapo ulipo, mita ngapi kutoka kwenye pazia lako? Miaka mitatu umekaa karibu na mtu mwenye ujuzi kama mtu anayekaa Mwanza hajui kuparua sato. Mwendee. Mwambie una dada. Jifunze, uandike, niletee. Tuma kwa njia ya haraka hata kama ni ghali.

Na swali la Projest hili hapa: sangara wetu akikatwa mbichi vizuri, si atafaa? Anasema wageni watafurahi kula sangara mbichi aliyetoka ziwani asubuhi.

Penseli bado ni penseli.

Rebeka


Nagoya
24 Machi 1998

Dada, shikamoo.

Umenitukana na ulikuwa na haki. Soma barua hii mara mbili.

Kwanza sangara. Nilipomwambia Mzee Okuda kwamba mnataka kuwapa wageni sangara mbichi, alipiga meza mpaka siki ikamwagika. Samaki mbichi wanaomla ni wa baharini. Wa maji baridi, wa ziwani na mitoni, ana wadudu wasioonekana, na Wajapani wenyewe hawamgusi bila moto. Mchome. Kata vipande vyembamba, paka mchuzi wa soya wenye sukari, choma mpaka rangi ibadilike ndani na nje. Projest akibisha, mwambie aonje yeye kwanza.

Sasa wali. Nilimfuata mzee saa tisa mchana, duka likiwa limefungwa kusubiri wateja wa jioni. Akasema, "Miaka kumi." Nikasema, "Dada yangu ana mpaka Pasaka." Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Akanipa wali, akasema finyanga.

Dada, mkono wangu ulifanya alichoufundisha mayu. Ukakanda, ukabana, na kabla sijajua kidole gumba kikachimba shimo katikati.

Mzee akaligeuza lile tonge. "Shimo hili ni la nini?"

Nikasema, "La mchuzi."

Akalipima uzito kiganjani. Halafu akalitupa ukutani. Likagonga, likaanguka zima. Akasema, "Hili ni la kujengea."

Tumerudia siku kumi na mbili. Tatizo letu ni kwamba sisi tunafinyanga ugali, na ugali unataka nguvu. Wali huu unataka ushikwe kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara. Asikuponyoke, asilie. Ukiliweka tonge mdomoni lifunguke lenyewe. Langu mpaka leo halijafunguka.

Hatua ni hizi. Mchele uoshe mpaka maji yawe maangavu kabisa. Wali wetu wa Kahama unachambuka, kwa hiyo ongeza maji, uwe unakaribia bokoboko lakini usifike. Najua utakasirika. Upakue ungali wa moto kwenye ungo mpya, nyunyiza siki uliyoyeyushia sukari na chumvi, mmoja ageuze na mwiko, mwingine apepee. Usiukande. Lowesha viganja kwa maji yenye siki. Chukua kidogo, kiasi cha vidole gumba viwili. Bana mara tatu, basi. Na usichimbe shimo.

Shigela


Mkolani
26 Aprili 1998

Shigela, marahaba.

Barua ilifika siku tisa kabla ya wageni. Asante. Sasa nikueleze, na usinikatize.

Nilijaribu nyumbani mara nne. Mayu alionja akauliza, "Wali huu umechacha au ndivyo ulivyo?" Nikamwambia ndivyo ulivyo. Akasema, "Basi pole yake mwanangu," akaenda kulala. Mimi niliyeolewa kwa sifa ya wali unaochambuka, nimesimama jikoni napika bokoboko kwa makusudi na kupepea kama mtu aliyerukwa na akili. Odeta, tunayekaa naye bega kwa bega mezani, alikuja kupepea. Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku yenyewe Projest aliingia jikoni na tai mpya. Akaona jiko la mkaa.

"Moto wa nini? Nilisema mbichi."

"Mdogo wangu anasema wa ziwani achomwe."

"Wewe Rebeka, mimi nimesoma habari za Japani. Mbichi ndiyo heshima yao."

Nikakata kipande kibichi kinachotetemeka, nikakiweka juu ya tonge, nikamsogezea. "Sawa. Onja wewe kwanza, msimamizi, ili ujue kama heshima imekaa vizuri."

Akakitazama. Odeta akakitazama. Akasema, "Choma. Lakini kidogo."

Wageni walikula ofisini kwa bosi. Vijana watatu na mzee mmoja, na mkalimani wa kutoka Dar. Wale vijana walikula nyama ya juu wakaacha wali umejipanga sahanini kama mawe ya Mwanza. Mzee alikula wote. Alitafuna sana, Shigela. Halafu akauliza nani kafinyanga, nikaitwa.

Nilidhani atanigombeza. Akachukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akatazama makovu ya kisu. Mkalimani akasema, "Anauliza wewe ukiwa kazini unachuna samaki wangapi kwa saa." Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza hivyo tangu niingie kiwanda kile. Projest huuliza tu kwa nini nimechelewa. Nikasema sitini, na kisu kikiwa kimenolewa, sabini. Akatikisa kichwa kwa heshima, akatoa kidaftari, akaandika. Wakaomba kuona meza yetu. Tulichuna mbele yao kwa nusu saa, na yule mzee amesimama nyuma yangu ameshika saa. Nilifika hata sabini na tano. Wenzangu nao wakaona aibu kubaki nyuma, tukaenda kama tumepagawa. Alitupigia makofi.

Jioni Projest alinionyesha orodha. Wino, wa buluu. Na si mimi tu, alisema huenda wote kumi na wanne tukabaki, kwa jinsi wageni walivyoondoka wamependezwa.

Mshukuru Mzee Okuda. Mwambie tonge la kwetu nalo halikufunguka.

Rebeka


Nagoya
17 Mei 1998

Dada, shikamoo.

Ulimwambia sitini. Halafu ukampa sabini na tano, mbele ya saa.

Nilikuandikia mwezi wa pili. Itafute barua ile uisome tena pale nilipoandika habari za Mzee Okuda na mkwe wake. Sikulaumu, hata yeye hakujua. Ila nimekaa na barua yako nyuma ya pazia, mashine inadondosha matonge, na nimeshindwa kumweleza mtu yeyote kinachoniuma.

Lakini pazia lenyewe halipo tena, nimekosea kuandika. Wiki iliyopita mkwe ameling'oa. Kumbe siku hizi wateja wanapenda kuitazama mashine. Watoto wanasimama dirishani wanaihesabia kwa sauti. Ameisogeza pale alipokuwa anasimama Mzee Okuda, nami nimevalishwa kofia, wananiona. Mzee alikunja aproni yake mara nne, akaiweka juu ya beseni, akatoka kwa mlango wa mbele kama mteja.

Wakileta kitu kwenye sanduku la mbao, niandikie siku hiyo hiyo.

Shigela


Mkolani
9 Agosti 1998

Shigela,

Sanduku la mbao limekuja. Lilishuka na meli Dar, likapanda treni, likafika hapa likiwa na alama ya kwamba lisipinduliwe, na lilikuwa limepinduliwa.

Ulaya wamefungua tena, samaki ni wengi, kiwanda kinafanya kazi siku sita. Ungedhani tutaongezwa. Mashine ni mtumba, imetumika huko kwenu, bosi anaiita mpya. Inachuna ngozi kwa roli lenye meno na ubapa wa kisu. Unasukuma mnofu, unatokea upande wa pili hauna ngozi, kabla hujamaliza kupumua. Wakati wa majaribio Projest alikuwa na saa. Akatangaza mbele yetu sote, "Kazi ya wanawake kumi na watatu na nusu." Chausiku wa mwisho wa meza akauliza, "Hiyo nusu ni nani?"

Wameondolewa kumi na watatu. Nimebaki mimi. Si kwa sababu ya mkono wangu. Maandishi yote ya mashine ni ya Kijapani na kitabu chake hakikuja, basi Projest akasema, "Rebeka ana ndugu kule, atajua." Odeta aliyasikia maneno hayo. Miaka sita tumekaa bega kwa bega, amebeba mwanangu mgongoni kumpeleka hospitali. Sasa anauza mapanki getini, vile vichwa na mifupa tunayobakiza, na nikipita anapanga mapanki yake.

Wewe na saa yako. Najua si wewe. Niache nikasirike.

Nimechora hapa kila alama iliyo kwenye mashine, na bamba la shaba lililo ubavuni nimelinakili mstari kwa mstari, nilitumia Jumapili nzima. Sijui hata ya kuwasha ni ipi, Projest anabonyeza zote mpaka moja inaitika. Kuna swichi kubwa nyekundu iko upande wa pili, nikiwa nasukuma minofu mkono wangu hauifikii. Jumanne glovu yangu ilinaswa. Iliingia nzima, mkono niliuvuta. Projest alikuwa ofisini.

Sitaki salamu. Niambie alama.

Rebeka


Nagoya
30 Agosti 1998

Dada, shikamoo.

Umenitaka nisitoe salamu, lakini shikamoo sitaiacha.

Gazeti la huku siwezi kusoma, mashine naweza. Umechora vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Ile yenye miguu miwili kama mtu anayetembea ni kuwasha. Ile iliyo jirani yake, yenye kitu kama kisu upande wa kulia, ni kuzima. Ya njano ni ya kuosha, zima mashine kwanza, chomoa waya ukutani, ndipo ufungue. Zile nne juu ya swichi nyekundu zinasema kusimamisha kila kitu kwa dharura. Mkono ukinaswa, hiyo ndiyo ya kupigwa, asitafutwe Projest. Na glovu za kitambaa usivae kamwe karibu na roli. Hapa kuna kijana hana vidole viwili kwa ajili ya glovu.

Mzee Okuda anakuja kila Jumanne kula kama mteja. Anakaa mwisho wa mkanda. Mkwe akienda benki, mimi naacha mashine, nalowesha viganja, namfinyangia matonge mawili, nayapandisha kwenye mkanda kati ya sahani za mashine. Anayajua kwa macho. Anakula, anafikiri, anasema, "Bado gumu." Juma lililopita aliagiza mengine mawili.

Sasa sikiliza. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Nimeiandika kwa herufi kubwa, Kijapani nilichonakili upande mmoja, Kiswahili upande mwingine, ili Projest apate kitu cha kutazama. Ni maelezo ya lile bamba la shaba. Mstari wa tatu unasema: MASHINE HII IENDESHWE NA WATU WAWILI WAKATI WOTE. MMOJA KULISHA, MMOJA KWENYE SWICHI NYEKUNDU. BILA HIVYO MASHINE ITAHARIBIKA.

Bamba halisemi hivyo. Bamba linasema mtu mmoja. Lakini Mwanza yote nani atasoma? Sikuweka habari ya mkono wako, nimeweka kwamba mashine itaharibika, kwa sababu nimefanya kazi kwa wenye mashine na ninajua wanachoogopa.

Wa pili awe Odeta.

Mimi nitakuja Desemba nikijaliwa. Mwambie mayu siji na ufundi wowote. Nitampikia wali, nao utachambuka.

Shigela


Mkolani
27 Septemba 1998

Shigela, marahaba.

Projest alisoma karatasi yako mara mbili, upande wa Kiswahili, halafu akasoma upande wa Kijapani mara moja akitikisa kichwa. Akasema, "Wajapani ni watu wa tahadhari sana." Akaiweka kwenye plastiki, akaibandika ukutani juu ya mashine. Bosi alipouliza kwa nini watu wawili, yeye ndiye aliyemjibu, kwa sauti, kama vile alikuwa ameisomea.

Odeta ameanza Jumatatu. Bado hanisalimii. Lakini mkono wangu uko kwenye roli na wake uko kwenye swichi nyekundu, saa tisa kwa siku, na jana kisu kiliponigusa kidogo aliipiga ile swichi kwa nguvu mpaka nikadhani imevunjika. Kisha akasema, "Angalia unachofanya, mjinga wewe." Nimelichukua kama salamu.

Desemba tutakupokea. Mayu ameanza kutafuta mchele.

Lakini jambo moja limenikosesha raha tangu karatasi yako ibandikwe, na kila nikiinua macho naliona pale ukutani. Kalamu ilikuwa mkononi mwako, Shigela, na hakuna hata mmoja hapa anayejua kusoma Kijapani.

Kwa nini uliandika wawili? Ungeandika kumi na wanne.

Dada yako,
Rebeka